Magitaa Matatu Mashewa: Neno Juu ya Jazi na Usemaji Wake

Yasemwa mara nyingi katika majarida ya lugha kwamba nyimbo za dansi ni sehemu ya fasihi ya Kiswahili, na wenzetu kadha wa kadha wamejitahidi kuyakusanya maneno ya nyimbo hizo na kuyafafanua. Kazi hiyo ni njema, wala sikusudii kuibeza. Lakini ina upungufu mmoja ambao nimeutambua kwa kuchelewa, nami nakiri kwamba nimekuwa mmoja wa waliokosa: twayachukua maneno, twayapanga beti kwa beti juu ya karatasi, kisha magitaa twayaacha nje ya mlango. Katika makala haya nataka kuhakiki onyesho moja la magitaa matatu nililolisikiliza Mashewa, katika Wilaya ya Korogwe. Onyesho hilo halikuwa na mwimbaji, na kwa sababu hiyo hasa lilinilazimisha kuuliza swali ambalo maneno yaliyoandikwa hayakuwahi kuniuliza: tusemapo kwamba gitaa linasema, je, ni mapambo ya usemi tu, ama kuna jambo la lugha ndani yake?

I. Juu ya neno jazi

Kabla ya kuliingia onyesho lenyewe yafaa kuondoa tatizo la jina. Wapigaji wale walijiita watu wa jazi. Msomaji aliyesoma ng'ambo aweza kucheka, maana kwa Wamarekani jazi ni muziki uliozaliwa miongoni mwa watu weusi wa New Orleans mwanzoni mwa karne ya 20, na kundi la gitaa la watu watatu kwao kwa kawaida ni gitaa moja, besi moja na ngoma. Humo kila mpigaji hupewa zamu ya kubuni papo hapo juu ya wimbo ambao wote wanaujua. Kwetu neno hili lilipita njia nyingine. Dar es Salaam Jazz Band ilianza mwaka 1932, na baada yake zikatokea Morogoro Jazz, Tabora Jazz, Kilwa Jazz, Western Jazz, Atomic Jazz, Nuta Jazz na nyinginezo. Zote zilikuwa bendi za dansi. Rumba yao ilikuwa na deni kubwa zaidi kwa Cuba kuliko kwa New Orleans, maana santuri za Kikuba za mfululizo wa GV zilienea Afrika tangu miaka ya 1930, na vijana wa miji yetu wakazishika kwa masikio.

Wako wenzetu wasemao kwamba jina hili basi ni kosa, na kwamba kamusi yapasa kulisahihisha. Siafikiani nao. Waingereza walilichukua neno letu safari, nasi tulikuwa tumelipata kutoka Kiarabu, wakalifanya liwe na maana ya kwenda kutazama wanyama wa porini. Hakuna mtungaji wa kamusi yao aliyeona aibu kuliandika hivyo. Neno ni mali ya walitumialo. Katika Kiswahili cha Afrika Mashariki jazi ilikuwa ni bendi ya dansi yenye magitaa, na kwa wazee wengi hata leo ni hivyo. Wapigaji wa Mashewa hawakukosea jina. Anayekosea ni yule ajaye na kipimo cha ng'ambo mkononi, nami nilikuja nacho, kama nitakavyoeleza.

II. Nchi na watu wake

Mashewa iko bondeni, chini ya milima ya Usambara. Watu wake wengi husema Kishambaa nyumbani, na Kizigua si mbali nao. Kiswahili ni lugha ya shule, ya soko, na ya dansi. Si ajabu dansi kuwa na mizizi mirefu katika sehemu hizi. Reli ilianza kujengwa kutoka Tanga mwaka 1893, ikafika Korogwe mwaka 1902. Na mwaka huo huo wa 1893 mkonge uliletwa nchini na Richard Hindorf. Mashamba ya mkonge yaliita watu kutoka mbali sana, na watu hao walikuja na lugha zao na ngoma zao. Waliposhindwa kuelewana kwa lugha za nyumbani, walielewana kwa Kiswahili na kwa dansi.

Jina la bendi moja lahifadhi historia hiyo yote. Ile iliyokuja kuwa Jamhuri Jazz Band ya Tanga iliitwa kwanza Young Nyamwezi. Bendi ya mjini Tanga, pwani kabisa, yaitwa kwa jina la watu wa Tabora! Ushindani wake na Atomic Jazz katika miaka ya 1960 uliufanya mji ule uwe mmoja wa vituo vikuu vya dansi nchini. Kutoka Jamhuri walitokea ndugu wa ukoo wa Kinyonga, ambao walipitia Arusha, wakavuka mpaka kwenda Kenya na kuwa Simba Wanyika. Na mwaka 1978 baadhi ya wapigaji wa bendi hiyo walijitenga mjini Nairobi wakaunda Les Wanyika. Kwa hiyo wimbo uitwao "Sina Makosa", ambao Wakenya wengi huuhesabu kuwa wao, una babu yake Tanga. Nataja jambo hili si kwa kudai urithi, bali kwa kuwa ndio wimbo wa kwanza waliopiga wale watatu, na wasikilizaji waliupokea kama mtu ampokeavyo mtoto wa nyumbani aliyerudi.

III. Onyesho lenyewe

Wapigaji sitawataja kwa majina, kwa kuwa si watu wa kazi hiyo na hawakuniomba kuwatia katika jarida. Aliyeshika gitaa la solo na aliyeshika gitaa la ridhimu ni wazee waliopita miaka sitini. Wa besi ni kijana ambaye kwa umri angeweza kuwa mjukuu wao. Mahali palikuwa uwanja ulio nyuma ya duka, jioni, umeme ukitoka katika jenereta lililowekwa mbali ili ngurumo yake isivuruge. Ngoma hazikuwapo wala tarumbeta. Watu wapatao mia walikaa juu ya viti, mikeka na magogo.

Nikiwa mwanafunzi Ulaya nilizoea kuhudhuria maonyesho ya jazi ya magitaa, na sikio langu lilikuwa limefundwa kusubiri zamu: sasa huyu abuni, sasa yule. Katika robo saa ya kwanza nilisubiri hivyo, nikaona jioni ni dhaifu. Mpiga ridhimu alikuwa akirudia kifungu kile kile cha sauti nane tangu mwanzo wa wimbo hata mwisho, bila kubadili lolote. Niliandika katika daftari langu neno "uchovu". Mzee aliyeketi kando yangu, alipoona ninaandika, aliniuliza kwa adabu, "Mwalimu, waandika nini?" Nilipomweleza alinitaka nisimtazame mpiga solo, nimtazame wa ridhimu. Nilimtii, na neno lile nimelifuta.

Maana kifungu kile hakikuwa kikirudiwa. Sauti zilikuwa zile zile, lakini mahali pa mkazo palihama. Solo ilipokuwa ikisema, ridhimu ilijishusha na kukaza sauti ya kwanza tu, kama mtu aitikiaye "naam" huku akisikiliza. Solo iliponyamaza, mkazo ulihamia sauti ya tano na ya saba, na ghafla gitaa lile lile likawa ndilo linaloongoza. Nayo besi, tofauti na besi ya jazi ya Marekani ambayo hutembea hatua kwa hatua bila kusita, ilikuwa na mapengo. Kijana yule alipiga sauti mbili au tatu, kisha akaacha; na wasikilizaji, kwa kuwa ngoma haikuwapo, walilijaza pengo kwa mguu. Sijui kama nieleze kwamba watu mia walikuwa chombo cha nne, ama kwamba mapengo yaliachwa makusudi kwa ajili yao. Nadhani ni yote mawili.

Jean Bosco Mwenda wa Katanga, ambaye Hugh Tracey alimrekodi Jadotville mwaka 1952, alikuwa akipiga kwa kidole gumba na kidole cha shahada: gumba likishika sauti za chini, shahada ikitembeza wimbo juu. Katika dansi ya magitaa mengi kazi ile ya vidole viwili vya mtu mmoja imegawanywa kwa watu. Mgawanyo huu wataka jambo ambalo Bosco hakulihitaji, yaani heshima: kila mmoja ajue wakati wa kunyamaza. Ni sharti lile lile la ngonjera, ambayo marehemu Mathias Mnyampala aliikuza sana. Mshairi wa ngonjera asiyemwachia mwenziwe ubeti huwa amevunja shairi, hata kama beti zake mwenyewe hazina dosari.

IV. Je, gitaa lasema?

Nimerudi sasa kwenye swali langu. Wakati wa "Sina Makosa" niliona kwamba midomo ya watu wengi ilikuwa ikitikisika. Hawakuimba kwa sauti. Walikuwa wakiyafuata maneno kimya kimya, kama mtu asomaye barua. Na walikuwa wakiyafuata kutoka kwa gitaa la solo. Lakini kwa njia gani?

Mtaalamu wa lugha hukumbuka kwanza ngoma zisemazo za Kongo, ambazo John Carrington alizieleza katika kitabu chake cha mwaka 1949. Ngoma zile zaweza kupeleka habari kwa kuwa lugha za wapigaji zatofautisha maneno kwa kupanda na kushuka kwa sauti. Kishambaa na Kizigua nazo ni lugha za namna hiyo. Mshambaa akipigiwa mluzi wenye kupanda na kushuka kwa maneno ya lugha yake, sishangai akikisia yanenwayo. Lakini nyimbo zile zilikuwa za Kiswahili, na Kiswahili sanifu hakitofautishi maneno kwa njia hiyo. Kiswahili kina mkazo, nao kwa kawaida huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Maneno machache tu hutengwa na mkazo, kama barabara ya kupita magari na barabara yenye maana ya sawasawa. Kwa hiyo gitaa haliwezi "kutamka" Kiswahili kwa njia ile ya ngoma za Kongo.

Nilipomtazama mpiga solo kwa makini niliona anafanya mambo mawili. La kwanza, kila silabi ilipewa sauti moja, haikuzidi wala haikupungua. Tuchukue mfano wangu mwenyewe, "nitarudi nyumbani": una silabi saba, na katika wimbo wa namna ile gitaa lingepiga sauti saba. La pili, silabi iliyo ya pili kutoka mwisho wa kila kifungu iliburutwa, kisha ya mwisho ikaangushwa chini na kukatwa upesi. Kwa mfano wetu, sauti ya sita ingevutwa na ya saba ikadondoka. Kwa maneno mengine, mpigaji alikuwa akishika mizani na mkazo, akaacha mengine yote. Hayo mawili, kwa watu ambao tayari wanayajua maneno kwa moyo, yatosha. Marehemu Amri Abedi, katika kitabu chake cha mwaka 1954 juu ya sheria za kutunga mashairi, alisisitiza kwamba shairi sharti liimbike. Mashewa nilisikia upande wa pili wa sheria hiyo: wimbo uliotungwa kwa mizani thabiti waweza kuondolewa maneno yake, na bado ukasomeka.

V. Makosa

Ningekuwa nimewafanyia wapigaji wale dhuluma kama ningewasifu tu. Wimbo wao wa tatu ulikuwa "Shida", wimbo mashuhuri wa marehemu Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki mwaka 1979. Mbaraka alikuwa mpiga solo mwenye vidole vyepesi mno, na mzee wetu aliona hana budi kumfikia. Alipofika katikati aliacha sauti moja kwa silabi moja, akamwaga sauti nyingi upesi upesi, juu kabisa ya shingo ya gitaa. Kwa vidole ilikuwa kazi ya ajabu kwa mtu wa umri wake, na vijana walimpigia makofi. Lakini nilitazama midomo. Midomo ilikuwa imesimama. Watu walikuwa wakimtazama, hawakuwa tena wakimsoma.

Lililofuata lilinipendeza kuliko yote ya jioni ile. Mpiga ridhimu hakujaribu kumfuata. Alipunguza sauti yake mpaka ikakaribia kutosikika. Kijana wa besi akasimama kabisa kwa muda wa vifungu viwili, kisha akarudi na sauti tatu zile zile alizouanzia wimbo. Mzee wa solo alizisikia, akatabasamu, akarudi kwenye mizani. Na midomo ikaanza tena. Mjukuu alimkumbusha babu yake, na hakumkosesha adabu.

Kasoro ya pili ni ndogo. Magitaa hayakuwa yamelinganishwa vema baada ya wimbo wa pili, na uzi mmoja wa ridhimu ulikuwa chini kidogo hata mwisho. Na ya tatu ni kwamba walipiga nyimbo zinazojulikana peke yake. Ikiwa nadharia niliyoitaja ni ya kweli, wimbo mpya usio na maneno ungekuwa kwa wasikilizaji kama barua ya maandishi wasiyoyajua. Ningependa kuwaona wakijaribu, nijue.

VI. Kulinganisha

Msomaji aweza kuuliza kama magitaa matatu bila ngoma ni jambo la Mashewa peke yake. Sivyo. Usiku wa tarehe 5 Desemba 1980, mjini San Francisco, Paco de Lucía wa Hispania, John McLaughlin wa Uingereza na Al Di Meola wa Marekani walipiga magitaa bila ngoma wala besi, na santuri iliyotokana hasa na usiku ule, iliyotolewa mwaka 1981, imesikilizwa duniani kote. Naipenda santuri hiyo, wala sisemi kwamba wazee wa Mashewa ni mafundi kuliko mabwana wale. Lakini mpango wake ni tofauti. Mara nyingi mmoja hukimbia na mwingine humshikia, kisha hubadilishana, na furaha ya msikilizaji ni furaha ya mashindano. Makelele ya umati yasikika mpigaji anapozidisha mbio. Yale yaliyokuwa sifa San Francisco ndiyo yaliyokuwa kosa katika "Shida". Sanaa mbili zaweza kutumia chombo kimoja, na kila moja ikawa na sarufi yake. Hakuna haja ya kumsahihisha Mshambaa kwa sarufi ya Mhispania.

VII. Yatupasayo

Nilirekodi jioni ile kwa simu, nikijua kwamba nitaandika. Niliporudi ofisini na kusikiliza niliona aibu. Solo yasikika wazi, ridhimu yasikika kwa taabu, besi haipo. Simu haikuweza kuichukua. Zile sauti tatu za kijana zilizouokoa wimbo hazimo katika ushahidi wangu, na kama nisingalikuwapo, ningaliandika kwa ujasiri kwamba mzee wa solo alijirekebisha mwenyewe.

Nimelifikiri jambo hili sana, kwa kuwa ndilo tufanyalo sisi kwa nyimbo za dansi kila siku. Karatasi yetu huchukua maneno, kama simu yangu ilivyochukua solo, kisha twajenga hoja juu ya kilichosalia. Twasema mshairi fulani alirudia mstari kwa sababu ya msisitizo, kumbe alirudia kwa kuwa gitaa lilikuwa limemwuliza swali. Twasema ubeti una upungufu wa mizani, kumbe silabi iliyopungua ilikuwa imeachiwa besi.

Wala muda si mwingi. Wapiga ridhimu wa namna ya yule mzee wanapungua. Marehemu Omari Shabani wa Les Wanyika alisifika kwa gitaa hilo, lakini vijana wengi wanaojifunza gitaa leo hutaka solo, na katika nyimbo nyingi za kizazi kipya kazi ya ridhimu hufanywa na kinanda au kompyuta. Silaumu; kila kizazi huimba kwa vyombo vyake. Lakini ufundi wa kuitikia, wa kuhamisha mkazo ndani ya kifungu kimoja ili mwenzio asikike, haujaandikwa popote, na hauwezi kusomwa kutoka katika maneno ya nyimbo.

Kwa hiyo natoa mapendekezo mawili. La kwanza, kila anayekusanya nyimbo za dansi kwa ajili ya utafiti wa lugha azikusanye zikipigwa, kila gitaa likiwa na kinasa sauti chake, na wasikilizaji wahesabiwe kuwa sehemu ya wimbo. La pili, dhana yangu juu ya mizani na mkazo ipimwe. Nimeijenga juu ya jioni moja na wimbo mmoja uliosomeka na mwingine uliokatika. Huo si ushahidi wa kutosha, nami sitaona vibaya nikikanushwa. Apigiwe Mzigua, Mnyamwezi na mtu wa Unguja wimbo mmoja kwa gitaa peke yake, mara kwa sauti moja kwa silabi na mara kwa sauti zilizozidishwa, tuone ni lini wataanza na ni lini wataacha kuyafuata maneno.

Kazi hiyo si ngumu. Yataka magitaa matatu, vinasa sauti vitatu, na mtu wa kutazama midomo.